Kamera na Kishikwambi Katika Chumba cha Tiba: Kuiona Picha Kabla Mgonjwa Hajaondoka

Picha ya kitabibu ni sehemu ya jalada la mgonjwa, kama yalivyo majibu ya maabara au karatasi ya dawa. Hupigwa ili kufuatilia kama kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari kinafunga au kinapanuka, kumwonesha daktari bingwa aliye mbali upele usioeleweka, kulinganisha hali ya kabla na baada ya upasuaji, na kufundishia wanafunzi wa tiba. Picha hizi zina sifa moja inayozitofautisha na picha za harusi au za pasipoti: nyingi kati yake haziwezi kurudiwa. Mdomo wa mtoto uliopasuka tangu kuzaliwa ukishashonwa, sura ya kabla ya upasuaji haipo tena. Uvimbe ukishaondolewa, umbo lake na mipaka yake vimekwenda nao. Iwapo picha ilitoka na ukungu, au giza, au bila kuonesha ukingo wa kidonda, kasoro hiyo mara nyingi hugunduliwa baadaye, faili zinapofunguliwa kwenye kompyuta, na mgonjwa ameshaondoka. Majuto, walisema wahenga, ni mjukuu.

Njia mojawapo ya kuepuka hasara hiyo ni kuunganisha kamera ya dijitali na kishikwambi, kwa waya au bila waya, ili kila picha inayopigwa ionekane papo hapo kwenye skrini kubwa. Wapiga picha wa studio wamefanya hivyo kwa miaka mingi wakitumia kompyuta. Vishikwambi vimeifanya njia hiyo iwe nyepesi kiasi cha kuingia katika chumba cha kliniki, na kwa Watanzania wengi kifaa chenyewe si kigeni tena tangu Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ilipoendeshwa kwa vishikwambi. Makala haya yanaeleza jinsi muunganiko huo unavyofanya kazi, faida zake kwa mtoa huduma na kwa mgonjwa, na hatari inayofuatana nao.

Historia fupi ya kusubiri picha

Tiba ilianza kutumia upigaji picha mapema. Mbinu ya Louis Daguerre ilitangazwa Paris mwaka 1839, na kufikia mwaka 1845 daktari Alfred Donné, akishirikiana na Léon Foucault, alikuwa amechapisha kitabu cha michoro iliyonakiliwa kutoka picha za kamera zilizopigwa kupitia hadubini. Tangu hapo, kwa zaidi ya karne moja, mpiga picha wa hospitali aliishi na tatizo lilelile la wapiga picha wote: hakujua alichokipata mpaka filamu isafishwe. Kwa sababu hiyo alipiga picha nyingi za ziada, akitumaini kwamba mojawapo ingefaa.

Kamera za Polaroid, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1948, zilipunguza kusubiri huko kwa kutoa picha ya karatasi ndani ya dakika chache. Wapiga picha wa studio walizitumia kupima mwanga kabla ya kupiga picha halisi kwa filamu. Kisha ikaja dijitali. Kamera ya majaribio iliyoundwa na mhandisi Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 ilichukua sekunde 23 kurekodi picha moja kwenye kaseti, na picha hiyo ilikuwa na vitone 10,000 tu. Kamera za leo zina vitone zaidi ya milioni 20 na huonesha picha mara tu kitufe kinapobonyezwa. Ingedhaniwa basi kwamba tatizo la kusubiri limekwisha. Halijaisha, kwa sababu kuonesha picha si sawa na kuiwezesha kukaguliwa.

Kwa nini skrini ya kamera haitoshi

Skrini ya nyuma ya kamera nyingi ina ulalo wa takriban inchi 3. Katika ukubwa huo picha karibu zote huonekana safi. Ukungu mdogo uliosababishwa na kutikisika kwa mkono, au lenzi iliyolenga nywele badala ya ngozi, haujitokezi mpaka picha ikuzwe. Kishikwambi cha inchi 10 huonesha picha hiyohiyo katika eneo la takriban mara kumi. Mtoa huduma huweza kuona mara moja kama mistari ya rula iliyowekwa kando ya kidonda inasomeka, kama mng'ao wa fleshi umefunika sehemu yenye unyevu, na kama ukingo wa jeraha umo wote ndani ya picha.

Faida ya pili ni kwamba watu zaidi ya mmoja huweza kutazama kwa pamoja. Mpiga picha anapokuwa ameinama juu ya mguu wa mgonjwa, daktari anayehitaji picha huitazama skrini iliyosimamishwa mezani na kusema: pembe hii haifai, kisigino hakionekani, pigeni tena kutoka chini. Rekebisho linalochukua nusu dakika wakati huo lingehitaji safari nyingine ya mgonjwa kama lingegundulika siku inayofuata.

Faida ya tatu ni utambulisho. Picha zinapokusanywa kwenye kadi ya kumbukumbu kutwa nzima na kugawanywa jioni, ni rahisi mguu wa mgonjwa mmoja kuingia katika jalada la mwingine, kwani miguu haina majina. Programu nyingi za kuunganisha kamera huruhusu folda kufunguliwa kwa namba ya jalada kabla ya picha ya kwanza kupigwa, na picha zote zinazofuata huingia humo. Hata hivyo, ni busara picha ya kwanza ya kila mgonjwa iwe ya kikaratasi chenye namba yake na tarehe, ili ikitokea programu ikakwama, mpangilio wa picha uendelee kueleweka.

Jinsi vifaa viwili vinavyowasiliana

Njia ya kwanza ni waya wa USB. Kamera nyingi za dijitali hutumia lugha moja ya kuhamishia picha, iliyowekwa katika kiwango cha kimataifa ISO 15740, ndiyo maana kamera ya kampuni moja huweza kueleweka na kishikwambi cha kampuni nyingine. Vishikwambi vya Android vina uwezo wa kupokea vifaa vya USB tangu toleo la 3.1 la mwaka 2011, ingawa si kila mtengenezaji huuwezesha. Vishikwambi vya iPad vyenye tundu la USB-C hupokea waya moja kwa moja, na vile vya zamani vyenye tundu la Lightning huhitaji kiunganishi cha ziada. Kabla ya kununua kitu chochote, kituo kinapaswa kujaribu kamera yake, kishikwambi chake na programu inayokusudiwa, vyote kwa pamoja. Jina la kamera kuwemo katika orodha ya programu ni dalili njema, ila jaribio ndilo uthibitisho.

Waya ni wa haraka na wa kuaminika. USB 2.0, ambayo ndiyo ya polepole miongoni mwa zinazotumika sasa, ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, na picha ya kawaida ya JPEG huvuka ndani ya sekunde moja au mbili. Urefu wa waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5, na katika chumba cha kliniki mita 2 au 3 hutosha. Udhaifu wake uko katika mambo mawili: waya huweza kumkwaza mtu, na kichwa chake huweza kuchomoka kamera inapozungushwa. Waya ubanwe kwenye mguu wa meza au wa stendi, na mwisho ulio upande wa kamera ufungwe kwa kamba laini kwenye kishikio, ili ukivutwa, mvuto uishie kwenye kamba badala ya tundu.

Njia ya pili ni mawasiliano yasiyo na waya. Kamera nyingi za karibuni huunda mtandao wao mdogo wa Wi-Fi, na kishikwambi hujiunga nao kwa nywila. Njia hii haihitaji intaneti, na hilo ni jema kwa vituo vya vijijini na kwa usiri pia, kwa kuwa picha husafiri kutoka kamera hadi kishikwambi bila kupita kwingine. Watengenezaji hutoa programu zao bila malipo, kama Camera Connect ya Canon na SnapBridge ya Nikon. Jambo la kuangalia ni ukubwa wa picha zinazotumwa. SnapBridge, kwa mfano, inapotuma picha yenyewe hutuma nakala iliyopunguzwa hadi megapikseli 2. Nakala hiyo inatosha kukagulia mezani, lakini si ya kuwekwa katika jalada wala kupelekwa kwa bingwa. Picha kamili lazima ichukuliwe kutoka kwenye kadi au iombwe katika programu.

Kwa njia yoyote ile, kamera ipangwe ihifadhi picha sehemu mbili: kwenye kadi yake na kwenye kishikwambi. Baadhi ya kamera zikiunganishwa kwa waya huacha kuandika kwenye kadi mpaka zielekezwe vingine, na waya ukichomoka katikati ya kazi, picha hupotea.

Hatua za maandalizi

Kazi nzuri huanza kabla mgonjwa hajaingia. Mpangilio ufuatao unafaa kliniki ya ngozi, ya vidonda, ya meno au chumba cha maandalizi ya upasuaji:

1. Saa na tarehe ya kamera vihakikiwe. Picha ya kidonda isiyo na tarehe sahihi haiwezi kuonesha maendeleo ya matibabu.
2. Betri za vifaa vyote viwili zijazwe. Muunganiko hula umeme kuliko matumizi ya kawaida. Kipengele cha kamera kujizima chenyewe kiondolewe, kwani kamera ikilala mawasiliano hukatika.
3. Mwangaza wa skrini ya kishikwambi uwekwe katika kiwango kisichobadilika. Kipengele kinachobadilisha rangi ya skrini kufuata mwanga wa chumba, na kile cha usiku kinachoifanya iwe ya manjano, vizimwe. Vinginevyo kidonda kitaonekana chekundu zaidi au kidogo kuliko kilivyo.
4. Kishikwambi na waya vifutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, kisha kishikwambi kiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki angavu. Waya unaoburuzwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine hubeba vimelea kama mikono isiyooshwa.
5. Majukumu yagawanywe. Anayegusa jeraha hagusi kishikwambi. Katika chumba cha upasuaji, kishikwambi hushikwa na mtu asiye katika eneo lililotakaswa, na mkanda wa kamera uondolewe ili usining'inie juu ya eneo hilo.
6. Namba ya jalada iandikwe katika programu, na picha moja ya majaribio ipigwe na kukuzwa kwenye skrini.

Baada ya hapo picha zenyewe hufuata utaratibu wa hatua tatu: picha ya mbali inayoonesha kiungo kizima, picha ya kati inayoonesha mahali tatizo lilipo, na picha ya karibu yenye rula kando ya kidonda. Kwa picha ya karibu, kamera ielekee ngozi moja kwa moja kwa pembe ya digrii 90, kwani kamera ikilazwa upande, kidonda cha duara huonekana kama yai na vipimo vyake hupotea. Kwa uso, lenzi ya takriban milimita 100 inayotumika kutoka umbali wa zaidi ya mita moja huhifadhi uwiano wa pua, mashavu na masikio. Lenzi pana, kama za simu nyingi, zikisogezwa karibu huikuza pua na kuyarudisha nyuma masikio. Kwa mgonjwa anayesubiri upasuaji wa kurekebisha uso, upotoshaji huo si jambo dogo.

Ngozi, mwanga na rangi

Sehemu hii inahitaji umakini wa pekee Afrika Mashariki. Kipimamwanga cha kamera hukadiria kwamba kitu kinachopigwa kina mng'ao wa wastani, yaani rangi ya kijivu. Ngozi nyeusi inapojaza picha, kamera huongeza mwanga na ngozi hutoka imepauka kuliko ilivyo. Ngozi hiyohiyo ikiwa juu ya shuka jeupe la hospitali, kamera hupunguza mwanga na ngozi hugeuka giza tupu lisiloonesha upele wowote. Kwa mtu mwenye ualbino aliyelala juu ya kitambaa cheusi hutokea kinyume chake: ngozi huungua kwa mwanga, na madoa ya awali ya madhara ya jua, ambayo ndiyo yaliyotafutwa, hufutika.

Upendeleo huu wa vifaa una historia. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha filamu za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi za marejeo zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi zikatoka vibaya. Teknolojia imebadilika, lakini jukumu la kuhakikisha rangi sahihi limebaki kwa mwenye kamera.

Kishikwambi husaidia hapa kuliko mahali pengine popote. Picha ya kwanza ipigwe ikiwa na kadi ya kijivu karibu na ngozi, kisha ilinganishwe na mgonjwa mwenyewe akiwa bado yupo. Je, rangi iliyo kwenye skrini inafanana na ngozi inayoonekana kwa macho? Kama haifanani, mwanga na urari wa rangi hurekebishwa kwa mkono, si kwa kuiachia kamera iamue, na mpangilio huo hutumika kwa picha zote zinazofuata za mgonjwa huyo. Ulinganisho huo una maana ya kitabibu. Katika ngozi nyeusi uvimbe wenye joto hauwi mwekundu sikuzote. Mara nyingi huelekea zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea. Bingwa aliye mbali akipokea picha yenye rangi iliyopotoka, huweza kudhani hali ni shwari ilhali maambukizi yanaenea.

Hakuna mpangilio unaofaa kila mahali, lakini kwa picha za karibu, tundu la lenzi la f/11 au zaidi pamoja na fleshi hutoa picha yenye kina cha kutosha ili katikati na ukingo wa kidonda vyote vionekane. Chanzo cha mwanga kiwe kimoja. Mwanga wa dirishani ukichanganyika na wa taa ya dari, upande mmoja wa kidonda huwa wa buluu na mwingine wa manjano.

Mgonjwa naye anaona

Katika desturi ya zamani mgonjwa alipigwa picha na hakuiona tena. Kishikwambi kilichosimamishwa mezani kinabadilisha uhusiano huo. Mgonjwa wa kisukari asiyeweza kuinama na kuutazama unyayo wake huweza kuuona kwenye skrini, akaelewa kwa nini anasisitiziwa kukagua miguu kila siku. Mzazi huoneshwa utando uliojificha nyuma ya meno ya mwanawe, na nasaha ya kupiga mswaki hupata uzito ambao maneno peke yake hayakuwa nao. Anayehudhuria kliniki ya vidonda kwa wiki nyingi huoneshwa picha ya mwanzo na ya sasa zikiwa sambamba. Kidonda kinachopona polepole huchosha moyo, na ushahidi kwamba kinapungua humpa mtu sababu ya kuendelea na matibabu.

Hata hivyo, kuonesha ni kwa idhini. Wapo wagonjwa ambao hawako tayari kuutazama mwili wao baada ya ajali ya moto au upasuaji wa titi. Skrini igeuziwe mtoa huduma kwanza, na mgonjwa aulizwe kama angependa kuona.

Idhini ya kupigwa picha nayo huombwa kwa lugha inayoeleweka na kwa heshima, kabla kamera haijatolewa. Mfano wa maneno yanayofaa ni huu: "Shikamoo mama. Tunaomba kupiga picha ya kidonda hiki ili daktari aweze kulinganisha hali yake utakaporudi. Picha itakaa kwenye jalada lako hapa hospitalini. Uso hautaonekana. Ukikataa, matibabu yako yataendelea vilevile." Idhini ya matibabu, ya kufundishia na ya kuchapisha ni idhini tatu tofauti. Aliyekubali ya kwanza hajakubali nyingine. Kwa mtoto, mzazi au mlezi huombwa, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huelezwa pia.

Hatari iliyomo ndani ya manufaa

Picha iliyobaki kwenye kadi ya kamera iko mahali pamoja. Ikishaingia kwenye kishikwambi huweza, bila mtu kubonyeza chochote, kupelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni na kutokea kwenye simu, televisheni au kompyuta ya nyumbani ya yeyote ambaye akaunti yake imefunguliwa humo. Hili ndilo jambo ambalo kila kituo kinachotaka kutumia njia hii lazima kilimalize kabla ya kupiga picha ya kwanza.

Kishikwambi kiwe cha kituo, si cha mtumishi. Kiwe na nywila, kisiwe na akaunti ya mtu binafsi, na upelekaji wa picha mtandaoni uzimwe. Mwisho wa siku picha zihamishiwe kwenye kumbukumbu rasmi za hospitali, kisha zifutwe kwenye kishikwambi na kwenye kadi. Kufuta mara moja hakutoshi, kwa kuwa vishikwambi vingi huhifadhi picha zilizofutwa kwa takriban siku 30 katika folda ya pembeni, nayo isafishwe. Picha za wagonjwa zisipitishwe kwenye makundi ya WhatsApp. Mbali na kuvunja usiri, programu hiyo hubana picha na kupunguza ubora uliotafutwa kwa jitihada zote zilizoelezwa hapo juu.

Picha ya dijitali pia hubeba maelezo yasiyoonekana: saa, aina ya kamera na, kipengele cha mahali kikiwa kimewashwa, eneo ilipopigwa. Kwa watu wenye ualbino, ambao nchini Tanzania wamewahi kushambuliwa na kuuawa kwa sababu ya imani potofu, picha ya mtoto iliyopigwa wakati wa kliniki ya kijijini na kuvuja ikiwa na alama ya mahali huweza kuwa ramani ya kumfikia. Kipengele cha mahali kizimwe kwenye kamera na kwenye kishikwambi, bila kusubiri kuulizwa.

Sheria iko wazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Katika nchi zote mbili taarifa za afya zimo miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Wale wanaokusudia kuchapisha wakumbuke pia kwamba Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba haikubali ukanda mweusi juu ya macho kuwa njia ya kutosha ya kuficha utambulisho. Ndugu na majirani humtambua mtu kwa kidevu, kovu au tabasamu.

Maswali anayostahili kuuliza mgonjwa

Mgonjwa au ndugu yake ana haki ya kuuliza yafuatayo bila kuonekana msumbufu:

- Picha hii ni ya nini, na nani ataiona?
- Kifaa hiki ni cha hospitali au ni cha mtu binafsi?
- Je, uso wangu au alama inayonitambulisha itaonekana?
- Picha itahifadhiwa wapi?
- Je, naweza kuiona sasa, na je, nikibadili mawazo nifanyeje?

Mtoa huduma asiyeweza kujibu swali lolote kati ya haya anapaswa kuiweka kamera chini mpaka apate jibu.

Pale simu inapotosha

Si kila kituo kinahitaji mfumo huu. Zahanati inayofuatilia vidonda vichache kwa mwezi huweza kutumia simu ya kituo yenye kamera nzuri, rula na mwanga wa dirishani, mradi kanuni za usiri ni zilezile. Kamera iliyounganishwa na kishikwambi hustahili gharama yake pale picha zinapokuwa nyingi, zinapolinganishwa kwa miezi au miaka, au zinapokuwa za kabla ya upasuaji na hazina nafasi ya pili. Wala picha, hata iwe safi namna gani, haichukui nafasi ya mikono na masikio ya mtaalamu. Haioneshi joto la ngozi, harufu ya kidonda wala maumivu.

Kituo kinachotaka kuanza hakilazimiki kununua kila kitu kwa mpigo. Kianze kwa kuandika utaratibu wa idhini na wa kuhifadhi picha, kisha kijaribu kamera iliyopo na kishikwambi kilichopo kwa picha za rula na kadi ya kijivu mezani, mpaka wahusika waweze kufanya kazi bila kusitasita. Mgonjwa wa kwanza asiwe sehemu ya mazoezi. Afike vifaa vikiwa vimeungana na maelezo yake yakiwa tayari, ili muda wake utumike kwa jambo lililomleta.